Kivuli cha Bati Nane

"Toa kivuli chako kwenye dagaa zangu," Petronila alisema kwa mara ya tatu. "Nimeshasema, sirudii."

"Umesharudia," Hyasinta alimjibu. "Na nikitoe nikiweke wapi? Sikukibeba kichwani. Kinanifuata."

"Kikufuate nyumbani kwako basi. Hapa ni mahali pa jua."

"Nyumbani sina dagaa. Dagaa zangu ziko hapa, nimekuja kuzigeuza."

"Zigeuze ukiwa mbali."

"Kwa mkono wa mita ngapi, Petronila?"

Wanawake waliokuwa karibu walicheka. Hyasinta hakucheka, kwa sababu akicheka nyuzi za shavuni zilivutika mpaka sikioni.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa sita, kwenye uwanja wa kuanikia dagaa pembeni mwa Musoma. Mitumbwi ilikuwa imerudi alfajiri, na nyavu za kuanikia zilitandazwa chini kuanzia kwenye mawe hadi karibu na barabara. Kila mwanamke alijua wavu wake. Katikati ya wavu wa Petronila kulikuwa na kivuli cheusi cha pembe nne, urefu wa hatua tisa na upana wa hatua nne. Hapakuwa na kitu juu yake isipokuwa anga. Hyasinta aliposogea kushoto, kivuli kilisogea kushoto. Alipoinama, kilitulia.

"Mwenyekiti, njoo uone," Petronila aliita. "Hizi za upande huu zimekauka, hizi za huku zimelegea. Za namna hii kesho zinanukaga."

Mama Nyamburi, mwenyekiti wa kikundi, alikuja na ufagio wake mkononi. Alichukua dagaa moja upande wa jua akaivunja, ikalia. Alichukua nyingine kivulini akaikunja, ikakunjika. Akamtazama Hyasinta, bandeji iliyofunika shavu lake la kushoto, kofia yake pana ya kitambaa, kisha akatazama chini. Ukingo wa kivuli haukuwa umenyooka. Ulikuwa na mawimbi madogomadogo, kama ukingo wa bati la migongo midogo. Karibu na pembe moja palikuwa na doa la mwanga dogo kama punje ya mtama, mahali ambapo fundi amekosea msumari.

"Ni paa la bati ngapi?" Mama Nyamburi aliuliza.

Mtu mmoja alihesabu maungio kwa kidole. "Nane."

Kisha Mama Nyamburi akakumbusha kanuni ya kumi na moja ya kikundi, isemayo kwamba mwanachama haruhusiwi kuzuia jua la mwenzake. Ilitungwa kwa ajili ya waliokuwa wakifunga kamba za nguo uwanjani, lakini haikutaja nguo.

"Kanuni iko sawa," Hyasinta alisema. Alizoa dagaa zake zikiwa nusu mbichi, akazitia kwenye ndoo mbili, akaondoka nazo. Kivuli kiliondoka pamoja naye, na dagaa za Petronila zikaendelea kukauka.

Kuhusu bati nane, kila mtu uwanjani alijua. Hyasinta alizaliwa na ualbino, na alianza kuanika dagaa akiwa na miaka kumi na saba. Mwaka ambao binti yake Lilian alianza darasa la kwanza, aliandika barua kwa kikundi akiomba kibanda kidogo mwisho wa uwanja, ili mtu aweze kuchambua dagaa akiwa amekaa kivulini. Mwaka huohuo parokia ilikipa kikundi bati nane. Kikao kilichukua saa mbili. Wanachama walikubaliana kwamba mvua za masika ziko karibu, na kwamba dagaa zikilowa huoza siku hiyohiyo, lakini mtu haozi siku hiyohiyo. Bati zikaezekwa kwenye ghala la dagaa. Hyasinta naye alinyoosha mkono kukubali, kwa sababu magunia matatu ya dagaa zilizokuwa hatarini yalikuwa yake. Kwenye muhtasari, mbele ya ombi lake, katibu aliandika: Limepokelewa.

Hiyo ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Kidonda cha shavuni kilianza kama kipele, mwaka mmoja na nusu nyuma. Alikifunika kwa khanga miezi kumi na minne kwa sababu mwaka ule dagaa zilikuwa nyingi. Alipokwenda hospitali akapelekwa Mwanza, na huko walikata kansa yote pamoja na nyama iliyoizunguka, sehemu yenye ukubwa wa kifuniko cha kopo la mafuta ya kupaka, wakaziba kwa ngozi ya pajani. Daktari alikuwa kijana asiyepoteza maneno. Alimwambia kansa imetoka yote, kovu litatulia baada ya miezi, na jua likimgusa tena kama zamani wataonana tena kama zamani.

Kivuli kilikuja siku aliporuhusiwa kutoka. Alipovuka geti la hospitali kilikuwa tayari kinamsubiri chini, na walinzi wawili walisogeza benchi lao ndani yake huku wakiendelea kuzungumza.

Baada ya ugomvi wa uwanjani Hyasinta alimwacha Lilian kwa shangazi yake, kwa kuwa shule ilikuwa haijafungwa, akaenda Bunda kwa dada yake mkubwa, Hilda, anayelima pamba. Hilda alifanya kazi ya uhudumu wa afya kijijini kwa miaka tisa, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimkalisha mdogo wake kwenye kiti cha plastiki, akafungua bandeji, akatazama shavu kwa karibu, akasema, "Vizuri. Hapana usaha. Ulikuwa unaogopa nini?"

"Sikuogopa."

"Umejitazama kwenye kioo?"

"Bado."

Hilda alileta kioo. Hyasinta alijitazama. Kipande cha ngozi kilikuwa chekundu na kimebonyea kidogo, mshono umekizunguka kama upindo, na jicho la kushoto limevutwa chini upande wa nje. Mdomo upande ule ulikuwa umenyanyuka kama mtu anayetaka kusema jambo akalizuia.

"Wameshona vizuri," alisema, kama mtu anayetazama gauni, akarudisha kioo.

Paja liliuma kuliko uso. Hakuna aliyemwambia hivyo kabla. Pale walipochuna ngozi palikuwa kama pamepigwa pasi, na shuka likigusa alihesabu mpaka ishirini. Shavu lenyewe lilikuwa limekufa ganzi katikati, lakini pembeni siafu walitembea ndani yake, kisha umeme ukapita kutoka puani hadi sikioni, ukatulia, ukarudi. Chai ilimwagika pembeni mwa mdomo bila yeye kujua. Ugali aliumega matonge madogo kama ya mtoto. Kupiga chafya kulimtoa machozi. Hilda aliandika ratiba kwenye karatasi akaibandika ukutani: kuosha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, vidonge viwili kila baada ya saa nane, na nyuzi zikishatoka, kukanda kovu kwa vaselini dakika tano, mara tatu kwa siku. Saa ya ukutani ilikuwa mbele kwa dakika saba, lakini dakika tano zake zilikuwa dakika tano.

Hilda ndiye aliyegundua utaratibu wa kivuli. Alichukua kamba ya kupimia matuta, akapigilia vijiti kwenye pembe zake nne kabla Hyasinta hajameza vidonge. Bati nane. Dakika ishirini na tano baadaye alipima tena. Bati tatu, na weusi wake umefifia kama chandarua. Maumivu yaliporudi, bati zilirudi moja moja mpaka zikafika nane.

"Kumbe dawa inafanya kazi," Hilda alisema. "Wagonjwa wengine hawana hata kipimo."

"Nikipona kitaisha?"

"Kitaisha. Ulitaka kibaki?"

Hyasinta alitazama vijiti vinne vya dada yake. Alikuwa na kazi moja tu maishani, na ilifanyika juani. "Nikipona narudi uwanjani bila kivuli," alisema. "Jua litakula shavu la pili. Nisipopona, kivuli ninacho, lakini uwanjani hawanitaki nacho."

"Kwa hiyo unachagua nini?"

"Sijachagua. Ninakwambia tu hesabu ilivyo."

"Meza dawa," Hilda alisema. "Hesabu utafanya ukiwa mzima."

Jumatatu iliyofuata walipeleka pamba kwenye ghala la chama cha wakulima. Foleni ilikuwa ndefu na uwanja hauna mti. Hyasinta alikwenda kumsaidia dada yake kulinda zamu, na baada ya robo saa watu thelathini walikuwa wamejipanga upya kwa mstari unaoingia kivulini kwake na kutoka. Mpima mizani, Maige, alimletea kiti. Siku ya pili alimletea kiti chenye mto. Siku ya tatu watu waliokuwa hawajaleta pamba walikuja pia, na mwanamke mmoja alikuja na cherehani yake.

Hakuna aliyemsumbua kwa maswali kuhusu uso. Waliuliza habari za kivuli.

"Leo vipi, mama?" Maige alimuuliza asubuhi ya Alhamisi. "Panauma?"

"Kidogo sana. Nimelala vizuri."

"Aa," Maige alisema, akatazama chini. Zilikuwa bati nne. "Haya, tumshukuru Mungu. Lakini mama, pole kwa kukwambia, watu ni wengi leo. Ungechekacheka kidogo."

"Nicheke nini?"

Maige akavuta gunia, akakaa, akaanza kumsimulia namna mama mkwe wake alivyopanda mizani ya pamba akidhani ni ya kliniki, akakataa kushuka mpaka aandikiwe kadi. Alikuwa msimuliaji mzuri. Hyasinta alijizuia, akashindwa, akacheka upande mmoja wa uso, na mshono ukamvuta mpaka machozi yakamtoka. Bati mbili zikaongezeka. Watu walioko mwisho wa foleni walisema asante.

Jioni Hilda alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika taya.

"Umecheka tena?"

"Maige ana maneno."

"Maige ana foleni," Hilda alisema. "Kesho hubanduki hapa nyumbani."

Wiki ya tano alikuja Bwana Clementi. Alikuwa katibu wa kamati ya maandalizi ya uzinduzi wa kisima, kwenye kijiji kimoja upande wa Butiama, mtu nadhifu mwenye faili la plastiki. Alieleza kwamba upepo wa juzi ulipasua turubai la jukwaa kuu, kwamba uzinduzi ni Jumamosi, na kwamba wamesikia habari za mama mwenye kivuli. Wageni wa meza kuu walikuwa tisa. Gari lingemfuata na kumrudisha. Angekaa nyuma ya meza, kwenye kiti cha kawaida, asiseme chochote.

"Kivuli kimepungua," Hilda alisema kabla Hyasinta hajafungua mdomo. "Sasa hivi ni bati tano hata kabla ya dawa. Mdogo wangu anapona."

"Tunamshukuru Mungu kwa hilo," Clementi alisema. Alifungua faili, akalifunga. "Tuliambiwa kuna suala la vidonge. Kamati ilikuwa inaomba, kama inawezekana, asubuhi hiyo mama asimeze. Na usiku wake."

"Na kamati itameza nini?" Hilda aliuliza.

Clementi hakukasirika. Alimgeukia Hyasinta. "Mama, ajenda ya sita ni maombi ya wananchi. Mgeni rasmi ni mtu ambaye sahihi yake inafika mpaka ziwani. Kama una ombi, nitalisoma mimi mwenyewe, kwa kipaza sauti."

Hyasinta alikuwa na ombi. Aliliandika hapohapo kwa mwandiko wake wa kunyooka: kibanda kimoja, bati nane, kwenye uwanja wa kuanikia dagaa, kwa ajili ya wachambuaji. Clementi alilisoma, akasema ni ombi dogo sana, akaliweka kwenye faili.

"Bati nane kwa usiku mmoja wa maumivu," Hyasinta alimwambia dada yake gari lilipoondoka. "Nikipata kibanda, ninapona na ninarudi kazini. Yote mawili. Nimeshalala na maumivu zaidi ya haya kwa bure."

"Mimi nakuja na wewe," Hilda alisema. "Na vidonge nabeba mimi."

Jumamosi saa nne Hyasinta aliwekwa nyuma ya meza kuu. Hakuwa amemeza kitu tangu jana yake mchana. Kichwa chake chote upande wa kushoto kilikuwa kinapiga kama ngoma iliyo nyumba ya pili, na umeme wa shavuni haukuwa ukitulia tena. Alikaa wima. Bati la nane, ambalo halikuwa limeonekana tangu wiki ya tatu, lilirudi saa nne na nusu, na wageni wote tisa wakawa ndani. Mmoja wao alivua miwani ya jua. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe, maua ya plastiki na chupa za maji. Clementi alimpungia mkono Hyasinta kutoka pembeni, kumwambia kwamba imekaa vizuri.

Mbele yao, juani, wanafunzi walisimama mistari minne. Waliimba wimbo wa kukaribisha, wakaimba wa maji, wakaambiwa wabaki palepale kwa ajili ya picha.

Hyasinta alimwona mtoto mmoja kwenye wimbo wa kwanza. Alikuwa mstari wa mbele kwa sababu ya ufupi, msichana wa miaka minane hivi, mwenye ualbino, sweta la shule amelivuta mpaka kichwani likaacha uso tu. Kila ubeti alifumba macho.

"Shija!" mwalimu wa zamu alisema kwa sauti ya chini inayofika mbali. "Shusha sweta. Unaharibu mstari."

Mtoto alishusha sweta. Pembeni mwa pua yake palikuwa na kidonda kidogo chenye ukingo uliong'aa na kigaga katikati. Hyasinta alikijua kigaga hicho. Aliishi nacho miezi kumi na minne chini ya khanga.

Ajenda ya sita ilifika saa sita kasoro robo. Clementi alisoma maombi kumi na moja, na la Hyasinta lilikuwa la nane. Alilisoma vizuri, bila kuruka neno. Mgeni rasmi alisimama, akashika kipaza sauti, akasema kwamba maombi yote ni ya msingi, na kwamba yeye binafsi ameguswa sana na hilo la kibanda, kwa sababu hakuna asiyejua thamani ya kivuli. Alinyoosha mkono kuonyesha kivuli alichosimama ndani yake. Watu walipiga makofi.

"Ombi hilo," mgeni rasmi alisema, "limepokelewa."

Katibu mwingine, aliyekaa mwisho wa meza, aliandika.

Hyasinta alikaa kidogo. Aliwatazama wageni tisa, mashati yao makavu, halafu mistari minne ya watoto, halafu pua ya Shija. Maumivu yalikuwa makubwa lakini kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi vizuri kabisa.

"Dada," alimwambia Hilda aliyekuwa amesimama nyuma yake. "Leta vidonge."

Hilda alikuwa tayari ameshavitoa. Hyasinta alinyoosha mkono juu ya bega la mgeni wa tatu, akachukua chupa yake ya maji, akafungua, akameza viwili. Kisha akaangalia saa ya Hilda. Vidonge vilihitaji dakika ishirini na tano. Kutoka mezani hadi lilipoegeshwa gari, kwa mwendo wa mtoto, hazizidi kumi na mbili.

Akasimama, akazunguka meza upande wa kulia, akaanza kutembea.

Kivuli kilitoka juu ya wageni mmoja mmoja kwa mpangilio wa viti. Wa kwanza alinyanyua kiti chake akafuata kivuli hatua tatu. Wa pili na wa nne nao walifuata, wakiwa wameinama na viti vimewaganda kwa nyuma, mpaka walipofika penye mtaro wa bomba jipya wakasimama. Mgeni rasmi hakuondoka kwenye nafasi yake. Alivaa miwani na kuendelea na ajenda ya saba.

"Mama! Mama, bado hatujamaliza," Clementi alisema akitembea kando yake, nusu juani nusu kivulini.

"Mimi nimemaliza."

"Kuna picha."

"Pigeni. Mwanga mnao."

Kivuli kilifika kwenye mstari wa mbele wa wanafunzi. Watoto waliokuwa ndani walifumbua macho. Wa nyuma walianza kusukumana kuja mbele, na mwalimu akawaambia kila mtu abaki kwenye nafasi yake. Hyasinta alivua kofia yake pana akamvika Shija. Ilimfika mabegani. Yeye alijitanda khanga.

"Mama wa mtoto huyu ni nani?" aliuliza kwa sauti.

Mwanamke mmoja alitoka upande wa sufuria za pilau, mwiko mkononi, moshi kichwani. "Mimi. Amefanya nini tena?"

"Hajafanya kitu. Hiki cha puani kina muda gani?"

"Hiki? Tangu kwaresima. Kinakaukaga kinarudi. Nampaka mafuta." Alimtazama Hyasinta usoni, shavu lote, kwa muda mrefu na bila aibu, kama mtu anayesoma tangazo. Akashusha mwiko.

"Changu kilianza hivyohivyo," Hyasinta alisema. "Chake ni kidogo bado. Watakitoa na kovu halitazidi ukucha. Lakini siyo mwezi ujao. Hospitali Musoma iko wazi, na leo kuna daktari."

"Sasa hivi? Pilau je?"

"Pilau lina watu wengi wa kuliangalia, mama," Hilda alisema, akachukua mwiko kutoka mkononi mwake akampa mwalimu wa zamu. Mwalimu aliupokea.

Walitoka uwanjani wanne, mtoto akiwa katikati. Waliposogea, jua lilirudi juu ya watoto waliobaki, na mwalimu akawapanga upya kufunga pengo la Shija. Kwenye njia ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa kivuli kilikuwa bati saba, karibu na kisima sita. Hyasinta alisikia umeme wa shavuni ukipungua, ukisimama kati ya pua na sikio, ukirudi nyuma. Hakujaribu kuuzuia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mwanza kwamba hakuhesabu nani amebaki nje.

"Na kazi yako je?" Hilda aliuliza wakitembea. "Kibanda ndiyo hicho, kimepokelewa."

"Nitaanika mpaka saa mbili asubuhi na kuanua baada ya saa kumi na moja. Katikati hapo nakaa ndani. Wakitaka kunitungia kanuni ya kumi na mbili, watunge."

"Utapata nusu ya dagaa."

"Na uso mzima."

Gari la kamati lilikuwa chini ya nguzo ya umeme, dereva, Gody, amelala milango ikiwa wazi. Kivuli kilimfikia miguuni kikiwa bati mbili, hafifu, doa la msumari halionekani tena. Aliamka.

"Mmemaliza? Katibu alisema tunarudi Bunda saa kumi."

"Tunakwenda Musoma," Hyasinta alisema. Alimwingiza Shija nyuma, upande usio na jua, akamwingiza mama yake, akatandika khanga kwenye kioo cha dirisha. Uwanjani kipaza sauti kilikuwa kimefika ajenda ya tisa, na watoto walikuwa wameanza wimbo mwingine.

"Sasa mama," Gody alisema, mkono kwenye ufunguo, "katibu nitamwambiaje?"

"Ataona gari halipo," Hyasinta alisema, akafunga mlango, na gari likaondoka.